Lango la Malimwengu Linaposumbua: Dalili, Sababu na Tiba

Malalamiko haya, ya wasomaji na wachezaji kuhusu hadithi ambazo watu huvuka kutoka dunia moja hadi nyingine, nimeyakusanya katika daftari moja ambalo nusu ya kurasa zake zimelowa kahawa. Mengi yametoka kwenye meza yetu ya Jumamosi usiku hapa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ambapo mimi husimulia na wenzangu hurusha dadu kuamua kama mashujaa wao watapona au la. Mengine ni ya watu wanaoniletea hadithi zao nizipitie: kijana kavuka kutoka dunia hii hadi ya pili, kaingia ya tatu, na kufikia ukurasa wa arobaini hata mwandishi mwenyewe hajui yuko wapi. Neno "malimwengu" kwetu lina maana ya vituko vya dunia na masaibu yake. Mimi nalitumia kama wingi wa ulimwengu, na sijaona kama maana hizo mbili ziko mbalimbali sana.

Watu hawana malalamiko mengi. Wana machache, wanayarudia. Kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili, yaani yale maneno ambayo msomaji au mchezaji huyatamka akikunja uso. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu iliyo ya kawaida kuliko nyingine. Jaribu tiba nyepesi kwanza. Usibomoe ukuta wakati bawaba ndiyo inayotaka mafuta.

Kabla ya yote: ni njia gani hiyo?

Njia za kuvuka nilizokutana nazo ni tano. Kuna lango lililo mahali pamoja siku zote. Kuna chombo, jahazi au kitu mfano wa jahazi, kinachokata utupu ulio baina ya dunia na dunia. Kuna roho inayotoka ikauacha mwili kitandani. Kuna maneno au hirizi ya kumtupa mtu papo kwa papo. Na kuna mahali ambapo mpaka umekonda, mtu anapita akichunga mbuzi wake na hajui kuwa ameshavuka.

Andika yako ni ipi. Ukikuta unazo tatu na hukumbuki ulizichagua lini, ondoa mbili, kisha urudi. Nusu ya waliokuja kwangu walipona hapo hapo.

Halafu nenda Likoni, kwenye kivuko cha Mombasa, ukapande feri. Teremka ule mteremko saa kumi na moja na nusu jioni, watu wanaporudi makwao ng'ambo. Utasukumwa na mkokoteni, mwenyewe akipaza sauti "Pisha! Pisha!" huku jasho likimtiririka hadi kwenye viwiko. Ulimi wa chuma wa feri unakwaruza saruji, na watu wameanza kukimbia kabla haujatulia. Wa miguu hawalipi, magari hulipa. Mkondo wenyewe si mpana, nusu kilomita hivi, lakini ikitokea meli kubwa inaingia bandari ya Kilindini feri inangoja, na wewe unangoja, na mgonjwa aliye katika gari la tatu anangoja pia. Hakuna hata mmoja pale anayestaajabu kwamba anavuka maji. Wanataka kujua aliye mbele ni nani, feri ya pili imeharibika au iko njiani, na kule ng'ambo matatu zitakuwa zimejaa au la.

Kwa hiyo ukibuni lango, usianze na mwanga wa buluu. Anza na foleni. Tiba nyingi hapa chini zinarudi pale pale kwenye mteremko wa Likoni.

Dalili: "Si wangerudi tu?"

Hii ndiyo namba moja, hakuna inayoikaribia. Shujaa amezingirwa, moto unawaka, na msomaji anauliza mbona hafungui lango akaenda zake.

Sababu ya kwanza, na mara nyingi hatuendi zaidi ya hapo: kuvuka hakuna nauli. Tafuta ukurasa ambao mhusika anavuka kwa mara ya kwanza. Upande wa pili alifika akiwa amepungukiwa na nini? Kama jibu ni "kizunguzungu kidogo", hiyo si nauli. Sababu ya pili ni nauli iliyotajwa mara moja ikasahaulika: mwanzoni lango linadai kumbukumbu moja ya utotoni, mwishoni watu wanapita bure kama wanaingia sokoni. Ya tatu huwapata zaidi wanaosimamia michezo. Ufunguo umempa shujaa mwenyewe, na hakuna wa kumnyang'anya.

Tiba nyepesi ni kuifanya nauli iwe kitu ambacho mhusika huyo hasa hawezi kukikosa. Mezani kwetu kulikuwa na shujaa fundi wa kushona kanzu. Lango likamtoza hisia za ncha za vidole, kidole kimoja kwa kila safari. Katika miezi minne alivuka mara mbili tu, na mara ya pili alilia.

Tiba ya ndani ni kulipatia lango majira. Kwa karne nyingi vyombo vya Uarabuni na Bara Hindi vilikuja pwani hii kwa upepo wa kaskazi, kuanzia kama Desemba hadi Machi, vikarudi kwa upepo wa kusi unaoanza kuvuma Aprili. Kusi ukikaza katikati ya mwaka, vyombo hubaki pwani. Nahodha hakuwa na nafasi ya kusema "turudi tu". Aliyechelewa upepo wake alipanga chumba, akatafuta kibarua, akaoa, na upepo ulipogeuka tena alikuwa na mtoto anayejifunza kutambaa. Mji wa Kale umejaa vizazi vya watu waliokuwa wakingojea upepo.

Lipe lango lako kaskazi na kusi, uone mambo yatakavyojipanga yenyewe. Kuna tarehe ya mwisho. Kuna wanaobaki. Na kuna maleleji, kile kipindi cha katikati ambacho upepo unageukageuka usijue utakupeleka wapi. Hapo ndipo wasio na subira huvuka kwa bahati nasibu. Mchezo wetu mzima wa mwaka juzi uliendeshwa na kanuni hiyo moja, na sikusikia tena lile swali la kurudi. Nilichosikia ni watu wazima wakigombana kuhusu tarehe.

Dalili: "Kwani hakuna mwingine aliyeliona?"

Lango liko katikati ya mji tangu enzi na enzi, na aliyepita ni kijana mmoja tu. Jeshi halikupita, mfanyabiashara hakupita, hata mbuzi hakupotelea ndani.

Mara nyingi sababu ni kwamba mwandishi alimwona shujaa wake, hakuuona mji. Ukaguzi wake ni mwepesi: wasimamishe watu watatu pale langoni. Mmoja ni askari wa forodha, wa pili ni mpitisha magendo, wa tatu ni mama anayeuza mahamri. Askari anatoza nini, na rushwa yake ni kiasi gani? Magendo yanapenya wapi? Mama anapokea sarafu ya upande upi, na chenji anarudisha ya upande upi? Ukishindwa kumjibia yule mama, lango lako bado ni picha ya ukutani.

Kisha fikiria ngome. Wareno walipotaka kuushika mdomo wa bandari ya Mombasa walijenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596, mizinga ikitazama maji. Waomani walipoitaka ngome hiyo iliwabidi waizingire kuanzia 1696 hadi 1698, watu wakifa ndani kwa njaa na maradhi. Yote hayo ni kwa ajili ya mdomo wa bandari moja. Wewe una mdomo wa kuingilia dunia nzima, nao unalindwa na mzee mmoja mwenye fimbo? Labda mzee huyo ni hatari kuliko mizinga. Basi tuonyeshe, usituambie.

Sababu iliyo adimu ni kwamba lango kweli ni siri. Hilo linawezekana, lakini siri hula: nani anailipia, nani alifunguliwa mdomo na ulevi, nani alizikwa kwa sababu yake?

Kuna tiba nyingine niliyoipata kwa kutazama mlango wa jirani. Milango ya zamani ya Mji wa Kale ina mbao mbili, na katikati kuna kile kipande kirefu kilichonakshiwa, mfaa. Mfaa umepigiliwa kwenye ubao mmoja na unaufunika mwanya, ukiulalia ubao wa pili. Ukisukuma ule wenye mfaa, unabanwa na mwenzake. Ni lazima yule mwenzake atangulie kufunguka. Fundi aliutia utaratibu ndani ya umbo la mlango wenyewe. Nikachukua wazo hilo nikaupasua mlango baina ya dunia mbili: ubao wenye mfaa uko kwetu, mwenzake uko ng'ambo. Sukuma utakavyo, bila mtu wa upande wa pili kukubali kutangulia hakifunguki kitu. Jeshi halina la kufanya hapo. Na shujaa akifunguliwa, swali kubwa linakuwa: nani huyo aliyemfungulia, na alijuaje kwamba anakuja?

Dalili: "Ni huku huku tu, mbingu ndiyo zambarau"

Hii ni dalili ya uvivu, nami nimeiugua mara nyingi. Mwandishi kabadilisha vitu vya kutazama kwa mbali, yaani rangi ya mbingu, idadi ya miezi na majina yenye herufi nyingi, halafu watu wanaishi vile vile. Sababu ya pili ni kwamba anayefika hana mwili: hasikii kiu, hatafuti choo, viatu havimbani. Ya tatu ni maelezo kumwagwa yote siku ya kwanza, kama mgeni aliyeandaliwa biriani, pilau na wali wa nazi kwa pamoja.

Msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa. Alilala usiku mmoja tu. Lakini angalia alichoondoka nacho: kwamba chakula cha wenyeji kilikuwa ndizi na samaki, na nafaka ililetwa kutoka nje ya kisiwa, kwamba misikiti ilikuwa ya mbao, imejengwa imara, na kwamba penye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kifupi kimoja au viwili, maji yakitekwa kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti chembamba. Watu walitembea pekupeku, wakanawa miguu kabla ya kuingia, na pembeni pana cha kufutia. Rangi ya mbingu hakuitaja. Karibu miaka mia saba imepita, na ule mpini wa kutekea maji bado unaweza kuuhisi kiganjani.

Basi ukaguzi wa kwanza ni huu: mhusika wako akifika, anakunywa wapi, ananawa wapi, na anasalimiaje? Mgeni wa Mombasa hujulikana kwa salamu kabla hajajulikana kwa nguo, na dunia ya pili haina sababu ya kuwa tofauti.

Kama hilo halikutosha, tumia kwato. Kila mtoto wa mji huu ametishwa na yule mwanamke mzuri wa usiku, amejifunika buibui, manukato yake yanalevya, anaomba asindikizwe. Unamsindikiza. Mnazungumza vizuri tu. Halafu macho yako yanateremka hadi chini, na chini kuna kwato za punda. Waliotunga kisa hicho walijua kazi. Kila kitu ni cha kawaida, kimoja tu ndicho kibaya, nacho kimewekwa mahali ambapo macho hufika mwisho. Sihitaji miezi mitatu angani. Nipe chumba cha kawaida, mwenyeji mkarimu, chai ya tangawizi, na baada ya kurasa mbili nigundue kwamba mvuke wa chai unateremka.

Dalili: "Alikaa siku tatu, mbona huku imepita saa moja?"

Sababu karibu zote ni moja: uwiano wa wakati haukuandikwa popote. Mwandishi anaubeba kichwani, na kichwa hubadilika kila sura inapohitaji.

Chora safu mbili, huku na kule, ujaze. Tuseme mwaka mmoja wa kule ni siku moja ya huku. Wiki nzima ya kule itakuwa kama dakika 28 za huku. Chai aliyoiacha shujaa ingali vuguvugu. Kwa upande mwingine, akirudi nyumbani akalala kwa muda wa saa nane, kule imepita miezi minne. Adui amevuna, amenoa silaha, amesahau hata sababu ya ugomvi. Watu wengi huhesabu upande mmoja tu wa safu, na ule wa pili ndio wenye hadithi.

Kabla ya kubuni wakati unaokimbia, kumbuka pia kwamba hesabu zinapishana hapa hapa bila uganga wowote. Saa yetu huanza kuhesabiwa jua likichomoza, na mgeni aliyeambiwa aje saa mbili asubuhi hutazama mkononi mwake akaona nane. Siku nayo huingia jua likitua, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe. Nimewahi kuona harusi ikikosa mpiga picha kwa sababu hiyo. Dunia mbili zenye mwendo mmoja wa wakati lakini hesabu tofauti zinatosha kabisa kuharibu maisha ya watu.

Na unapotaka kuonyesha kwamba miaka imepita, usiweke mtu wa kutangaza. Kisa cha watu wa pangoni, kile cha Kurani, tumekisikia tangu chuoni: walilala miaka 309, wakadhani ni siku moja au sehemu ya siku. Mwenzao mmoja akatumwa mjini na fedha yao kununua chakula, na wafasiri wanasimulia kwamba sarafu ile ndiyo iliyomfichua. Yeye kanyoosha mkono kulipa. Muuzaji ndiye aliyeduwaa.

Dalili: "Wote wanazungumza Kiswahili sanifu"

Hii ni nyepesi. Hirizi ya kutafsiri inaruhusiwa, wala sitakusumbua kuhusu ilikotoka. Lakini iache iwe na kasoro. Mtu wa Mvita, yaani Mombasa, akikuita atasema "ndoo" badala ya "njoo", na mgeni wa kutoka Dodoma anaweza kumletea ndoo ya maji. Hizo ni lugha za dunia moja, tena za kitabu kimoja cha sarufi. Weka "ndoo" moja tu katika kila ulimwengu. Zaidi ya hapo utachosha watu.

Dalili: "Akifa si tutamchukua mwingine?"

Ukifika hapa, ugonjwa umeingia mfupani.

Mwaka 1957 Hugh Everett, mwanafunzi wa fizikia huko Princeton, alitoa hoja ambayo baadaye ilikuja kuitwa ya malimwengu mengi: kwamba kipimo kinapofanywa katika ngazi ya chembe ndogo kabisa, matokeo yote yanayowezekana hutokea, kila moja katika tawi lake. Wasimuliaji tuliichukua hoja hiyo tukaenda nayo mbio, na tukasahau jambo moja. Katika hoja ya Everett matawi hayatembeleani. Ukishakuwa tawi hili, huna feri ya kwenda lile.

Sisi tumeweka feri, na hivyo tumejiletea balaa: kila marehemu ana pacha wake mahali fulani, mzima, anakula chapati. Sababu ya kwanza ya dalili hii ni mwandishi kutumia nakala kufuta kifo alichokijutia. Ya pili ni malimwengu yasiyo na idadi, maana penye idadi isiyo na mwisho kuna kila kitu, na penye kila kitu hakuna cha kulilia.

Tiba nyepesi ni kuhesabu. Saba yanatosha, na hata manne. Andika majina yao, na usiongeze mpaka mmoja ufe.

Tiba ya ndani ni kukubali nakala aje, kisha uangalie mikono yake. Mchezaji mmoja wetu alifiwa na mke wa shujaa wake katikati ya mchezo. Akavuka, akatafuta, akamleta mwingine kutoka dunia ya tatu: sura ile ile, sauti ile ile, kicheko kile kile. Nilimruhusu. Nilibadilisha kitu kimoja tu. Katika nyumba aliyotoka mwanamke huyu, vikombe vilikuwa kabati la kushoto. Kila asubuhi mkono wake ulikwenda kushoto, ukakuta sahani, ukasita kidogo, ukahamia kulia. Sikusema lolote zaidi. Nilikuwa nikilirudia kila walipokunywa chai. Wiki ya nne, kabla hatujarusha hata dadu moja, yule mchezaji akasema, "Andika hivi: nimehamisha vikombe." Meza nzima ilinyamaza, na tangu siku hiyo hakuna aliyependekeza kumchukua mwingine.

Wapi usimame, umwite anayejua

Kwanza, hesabu za fizikia. Ukitaka lango lako liwe la kisayansi, fahamu mipaka ya mambo. Albert Einstein na Nathan Rosen waliandika mwaka 1935 kuhusu daraja linalounganisha sehemu mbili za anga. Mwaka 1962 Robert Fuller na John Wheeler wakaonyesha kwamba daraja la aina hiyo hujifunga haraka kiasi kwamba hata mwanga hauwahi kupita. Mwaka 1988 Michael Morris na Kip Thorne wakaeleza masharti ya njia inayopitika, na sharti mojawapo ni kitu chenye nishati hasi cha kuizuia isijifunge. Ukihitaji kwenda mbele ya hapo, tafuta mwalimu wa fizikia, mnunulie kahawa. Usizibe tundu kwa neno "kwanta". Wanaojua watacheka, na wasiojua hawatafaidi.

Pili, mtu akibadilika mezani. Tunacheza na mambo ya roho kutoka mwilini, majini na kuzimu katika mji ambao wengi wana ndugu aliyewahi kupandwa na pepo. Mchezaji akianza kutetemeka kweli, au akisema kile kilichomo mchezoni kimemfuata nyumbani, weka dadu chini. Usimtibu kwa kuendeleza hadithi, wala usijifanye mganga. Mrudishe kwa watu wake, na kama hali haitulii apelekwe hospitali. Mchezo unaweza kungoja mwaka.

Tatu, mahali pa kweli. Hapa nina kosa langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo niliweka lango kwenye Nguzo ya Mbaraki, ule mnara wa mawe ya matumbawe wa karne ya 18. Ni mahali pazuri mno kwa lango, ndiyo maana nilipapenda. Siku moja bibi wa nyumba tuliyokuwa tukichezea alikuja kukusanya vikombe, akasimama kusikiliza shujaa akiupiga mnara teke ili ufunguke. Akaniuliza, "Mwanangu, hapo wapajua?" Nikamwambia napajua, napita kila wiki. "Pana mwenyewe," akasema. "Watu wapeleka marashi na ubani hapo, nawe wapiga teke." Nikamwomba radhi. Aliondoka na vikombe vyetu vyote, vingine havijaisha.

Basi kanuni yangu sasa ni kwamba mahali penye wenyewe pana ruhusa ya kuomba. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2008, ina wazee wake, na wazee hao wana masharti. Kaya Kinondo kule Diani huingii bila mwenyeji wa kukuongoza na kitambaa cheusi cha kujifunga, na kitu cha msituni hutoki nacho. Ukitaka lango lako liwe huko, nenda ukaulize. Wakikataa, umeshapata jibu. Wakikueleza kwa nini wamekataa, usiliandike hilo pia.

Mimi lango la Mbaraki nililihamisha wiki ile ile. Niliwaambia wenzangu sasa liko Likoni, kwenye ulimi wa feri, na hufunguka pale tu chuma kinapogusa saruji ya upande wa pili. Mashujaa wanne wakashuka mteremko na panga zao zimefungwa kwenye mikeka, wakiwa na adui nyuma yao hatua mia mbili. Nikarusha dadu kuona kama feri ipo. Ilikuwepo, ila meli ya makontena ilikuwa inaingia Kilindini. Wakabaki wamesimama pale baina ya mkokoteni wa vitunguu na mwanafunzi mwenye begi la kijani, adui naye akafika, akajikuta nyuma kwenye foleni hiyo hiyo, na mwenye mkokoteni hakumpisha.